Kipimo Kinachomleta Baba na Kipimo Kinachomwondoa

Kitanda hakizai haramu. Methali hii husemwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na wanawake wazee, pale jirani anapoanza kulinganisha pua ya mtoto na pua ya mtu wa mtaa wa pili. Wazee hao walijua vizuri mambo yanayotendeka duniani. Waliamua tu kwamba mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye ndoa, na mjadala ukaishia hapo, kwa sababu ukifunguliwa, wa kwanza kuumia ni yule ambaye hakuwepo jambo lilipotendeka.

Fiqhi ya Kiislamu ilikuwa imesema hivyo tangu zamani: mtoto ni wa firashi, yaani kitanda cha ndoa. Mume anayemkana mtoto wa mkewe anaachiwa mlango mmoja mwembamba, ule wa li'ani uliotajwa katika Surat an-Nur. Anaapa mara nne kwamba anasema kweli, na mara ya tano anajiapiza laana ya Mungu iwe juu yake ikiwa ni mwongo. Mke naye anaapa kujitetea, na ndoa yao imekwisha. Mwaka 2002 Baraza la Fiqhi la Makka lilipokaa kujadili vinasaba, liliona kwamba kipimo hakiwezi kutangulizwa mbele ya li'ani ili kukanusha nasaba. Sheria ya kikoloni nayo, kwa njia yake, ilifika palepale. Kanuni iliyoandikwa katika Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872 ilivuka bahari hadi kwetu, na katika Sheria ya Ushahidi ya Kenya bado inasomeka katika kifungu cha 118: aliyezaliwa wakati ndoa ipo, au ndani ya siku 280 baada ya ndoa kuvunjika na mama hajaolewa tena, ni mtoto halali wa mume huyo, isipokuwa ikithibitishwa kwamba wawili hao hawakuwa na nafasi yoyote ya kukutana wakati mimba ilipotungwa.

Basi mila, dini na sheria zilikubaliana kuacha swali moja bila jibu. Zilifanya hivyo kwa sababu jibu halikupatikana, lakini pia kwa sababu zilikuwa na swali jingine lililozikera zaidi: huyu mtoto ni mzigo wa nani?

Mwaka 1984, katika Chuo Kikuu cha Leicester, Alec Jeffreys aligundua namna ya kumtambua mtu kwa vinasaba vyake. Kesi ya kwanza kutumia ugunduzi huo inafaa ikumbukwe. Kijana mwenye asili ya Ghana alizuiwa na maofisa wa uhamiaji wa Uingereza, waliokuwa na shaka kama kweli ni mtoto wa mwanamke aliyedai kuwa mama yake. Mwaka 1985 vinasaba vilionyesha kwamba ni mwanawe, na kijana akaruhusiwa kubaki na mama yake. Kipimo kilianza kazi kwa kumrudisha mtoto kwa mzazi.

Kinavyofanyika hakina kishindo. Mtoto anaambiwa afungue mdomo, kijiti chenye pamba kinapitishwa ndani ya shavu, kinaachwa kikauke, kinatiwa kwenye bahasha yenye jina. Mama hivyo hivyo, mwanamume hivyo hivyo. Maabara husoma sehemu kadhaa za vinasaba ambazo urefu wake hutofautiana mtu na mtu. Katika kila sehemu mtoto ana nakala mbili, moja kutoka kwa mama, nyingine kutoka kwa aliyemzaa. Nakala ya pili ikikosa kufanana na za mwanamume katika sehemu kadhaa, huyo ameondolewa. Zikifanana zote, karatasi itaandikwa zaidi ya asilimia 99. Tanzania kazi hii iko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009. Karatasi hiyo inasema kweli, nami sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na watu wanaoipa kazi isiyo yake.

Kipimo hiki kina safari mbili, na tunakosea tunapozihesabu kuwa moja.

Ya kwanza ni ya mwanamke aliyekanwa. Mwanamume alikuwapo, mimba ikaingia, naye akapotea au akasema hamjui. Kwa miaka mingi sheria zetu zilimsimamia huyo mwanamume. Kenya ilikuwa na sheria ya mwaka 1959 iliyomwezesha mwanamke asiyeolewa kumdai matunzo baba wa mtoto wake. Mwaka 1969 Bunge la wanaume watupu liliifuta. Tanzania Bara sheria ya namna hiyo haikufutwa, ila iliachwa izeeke na kiwango chake cha shilingi 100 kwa mwezi hadi Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilipoiondoa. Kufikia wakati huo shilingi 100 haikuweza kumnunulia mtoto maziwa ya siku moja. Na Kenya tena, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa aliweza kupewa cheti cha kuzaliwa ambacho pahali pa jina la baba pamepigwa herufi X mfululizo. Akikipeleka shuleni, mwalimu anaona. Akikipeleka kutafuta kitambulisho, karani anaona. Jina la baba halikuweza kuandikwa bila baba mwenyewe kukubali, isipokuwa kuwe na ushahidi wa ndoa. Mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi alitamka kwamba kifungu cha sheria kilichoweka sharti hilo kinakwenda kinyume na Katiba, ile ya mwaka 2010 ambayo ibara yake ya 53 inawapa baba na mama wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana.

Katika safari hii kipimo ni haki tupu, na hakimu asisite kukiamuru. Sheria ya Mtoto ya Tanzania imekwenda mbali zaidi: anayekataa kupimwa, kukataa kwake kunaweza kuhesabiwa kuwa ushahidi dhidi yake. Ni sawa kabisa. Mtoto hana baba, kipimo kinamletea mmoja, na kinachopotea ni starehe ya mtu mzima aliyetaka kukwepa.

Safari ya pili huanzia pengine. Mwanamume amelea, kisha neno linamfikia, kutoka kwa ndugu au kwenye ugomvi wa usiku, kwamba amebambikiwa. Magazeti huliongezea moto kila yanapotangaza kwamba sehemu kubwa ya wanaume waliopimwa si baba halisi. Msomaji anahesabu watoto wa mtaa mzima. Anasahau kwamba wanaofika maabara ni wale ambao tayari wana shaka na wamefika kwenye kesi. Huwezi kukisia afya ya mji kwa kuhesabu waliolazwa hospitali.

Maumivu ya mwanamume huyo ni ya kweli, na sipendi wanaomwambia anyamaze avumilie. Amedanganywa katika jambo ambalo mtu hulijengea maisha yake yote. Lakini tuseme mtoto ana miaka tisa. Amefundishwa na mtu huyu kufunga kamba za viatu. Jina la mtu huyu limeandikwa kwenye madaftari yake yote ya shule. Homa ikimpanda usiku, huyu ndiye anayemwita. Jioni moja karatasi inafika, na kesho yake mtu huyu anasema, kwa haki kamili ya kisayansi, kwamba yeye si baba. Maabara imesema juu ya siku moja, siku ya kutungwa mimba. Haikusema chochote juu ya siku zaidi ya 3,000 zilizofuata, na hizo nazo zilitokea kweli. Aliyeudhiwa ni mwanamume, aliyeudhi ni mwanamke, na hukumu inamwangukia mtu wa tatu.

Soma tena kifungu cha 35 cha Sheria ya Mtoto ya Tanzania, kinachoorodhesha ushahidi wa uzazi. Kuna jina lililoandikwa katika daftari la vizazi. Kuna baba kufanya sherehe za mila kwa ajili ya mtoto. Kuna kukiri hadharani. Kuna kukataa kupimwa, na kuna majibu ya DNA. Majibu ya maabara ni kitu kimoja kati ya kadhaa, na kati ya hivyo vingine vimo vitendo vya baba mwenyewe: kuandikisha, kufanya mila, kukiri. Naona hekima ndani ya orodha hiyo. Ubaba unaweza kuwa jambo ambalo mtu amelifanya, na lililofanywa halifutiki kwa kugundua kwamba halikuwa katika damu.

Huko India, sheria ile ile ya mwaka 1872 iliwapa majaji kazi. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilisema ukweli wa vinasaba unashinda dhana ya sheria, na mwanamume asilazimishwe kubeba ubaba ambao sayansi imeukanusha. Mwaka 2023 mahakama hiyo hiyo ikaonya kwamba vipimo visiamuriwe ovyo katika ugomvi wa wanandoa, kwa kuwa mtoto naye ana haki ya kutochokonolewa nasaba yake. Ufaransa, jina likiwa limeandikwa na mtu akamlea mtoto kama baba kwa miaka mitano tangu kuzaliwa, wanafamilia hawana tena mlango wa kuupinga ubaba huo mahakamani. Ujerumani, tangu mwaka 2008, mtu anaweza kudai kujua ukweli wa vinasaba bila kufungua kesi ya kuuvunja ubaba. Hapo ndipo ninaposimama. Kujua ni haki, ya mwanamume na zaidi ya mtoto, ambaye Sheria ya Mtoto ya Tanzania imempa haki ya kuwajua wazazi wake wa damu. Kukata ni jambo jingine, na linataka sababu nyingine. Fidia ya udanganyifu idaiwe kwa mtu mzima aliyedanganya, au kwa yule aliyezaa akajificha. Isitolewe kwenye sahani ya mtoto.

Baya kuliko yote ni kipimo kinachodaiwa baada ya mazishi. Marehemu alimwita mtoto mwanangu miaka yote, hakuuliza, pengine alijua na akanyamaza. Matanga hayajaanuliwa, kaka za marehemu wanataka mtoto apimwe, kwa sababu kuna kiwanja na nyumba ya kupangisha. Najua kwamba mirathi ina kanuni zake, na kwamba kwa Waislamu nasaba ndiyo msingi wa mafungu. Lakini firashi na kukiri ni vya marehemu, na waliovikanusha ni watu ambao yeye hakuwatuma. Aliyekuwa na haki ya kutilia shaka alikaa nayo hadi kufa bila kuitumia.

Kwa hiyo ombi la kipimo likifika mezani, hakimu aangalie kwanza ni la safari ipi. Kama linamtafutia mtoto baba, asaini siku hiyo hiyo. Kama linataka kumvua baba aliye naye, aulize jibu likiwa hapana mtoto atalala wapi, na ada ya Januari italipwa na nani. Mwombaji asipokuwa na jibu, ombi lisubiri hadi alipate.