Talanta na Daftari

Siku binti mmoja wa jumuiya yetu hapa Lizaboni alipopata nafasi ya kwenda chuo kikuu, tulikutana nyumbani kwa wazazi wake kama tunavyofanya kila wiki. Tulisali, tukasoma Neno, tukaimba. Kisha mwenyekiti wa jumuiya akafungua daftari la michango. Mwaka uliotangulia tulimchangia kijana aliyekwenda kusomea uuguzi, na ukurasa ulijaa kabla chai haijachemka. Safari hii daftari lilizunguka pole pole, na wengi walilipitisha kwa jirani bila kuandika kitu. Kilichotukwamisha ni jina la masomo yenyewe. Binti alisema anakwenda kusoma shahada inayounganisha sanaa na biashara: upande mmoja muziki, lugha na historia, upande wa pili uhasibu, uchumi na masoko.

Babu mmoja, ambaye mara nyingi hukaa kimya, alimwuliza: "Mjukuu wangu, hiyo sanaa ni ipi? Unapanda basi mpaka Dar es Salaam ukafundishwe lizombe? Lizombe si iko hapa hapa?" Tulicheka, na binti naye akacheka. Lakini mama mmoja anayeuza mchele sokoni hakucheka. Alisema: "Mimi nafanya biashara bila cheti, na wewe unamwimbia Mungu kanisani bila malipo. Ukivichanganya hivyo viwili, mwanangu, si utaanza kumuuza Mungu?"

Swali hilo lilitufuata mpaka majumbani mwetu. Ndilo tunalolitafakari hapa, maana haliwahusu vijana wa chuo peke yao. Kila mmoja wetu amepewa kitu na Mungu, na kila mmoja wetu anahitaji kula. Je, karama na hesabu vinaweza kukaa katika nyumba moja bila kimoja kukifukuza kingine?

Hofu yetu

Tuanze kwa kukiri kwamba hofu ya wazazi si dhambi. Katika nyumba nyingi za Songea ada na nauli hutoka kwenye magunia ya mahindi. Bei ikianguka, mtoto huahirisha masomo. Anayepata mkopo wa Bodi ya Mikopo naye anajua kwamba akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Mzazi anayeuliza kama masomo fulani yatamlisha mwanawe anauliza swali la haki, na anayemcheka hajawahi kuuza gunia la mwisho.

Lakini nyuma ya hofu hiyo imejificha desturi nyingine. Kwa miaka mingi shule zetu zimewagawa watoto kwa herufi: PCB na PCM kwa wa sayansi, ECA kwa wa biashara, HKL kwa wa sanaa. Nasi tukaongeza tafsiri yetu juu yake: wa sayansi ana akili, wa biashara ni mjanja, wa sanaa amekosa pengine pa kwenda. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi za kidato cha tano na cha sita zikafika 65, zikiwamo za sanaa, lakini tangazo haliwezi kubadili tafsiri iliyo moyoni. Tunasahau hata kwamba tahasusi ya HGE, yaani historia, jiografia na uchumi, imekuwa ikichanganya pande hizo mbili siku zote, na hakuna aliyeshtuka.

Bezaleli na Ithamari

Tulirudi kwenye Maandiko. Katika kitabu cha Kutoka, Mungu anapoagiza hema ijengwe jangwani, anamtaja fundi kwa jina lake: Bezaleli wa kabila la Yuda. Tunaelezwa kwamba alijazwa roho ya Mungu, pamoja na hekima na ujuzi, ili afanye kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Akapewa mwenzake, Oholiabu wa kabila la Dani, fundi wa kuchonga na kutarizi. Habari hii tumeisikia mara nyingi katika semina za kwaya, na hutufurahisha, kwa sababu inaonyesha kwamba mikono ya msanii nayo huguswa na Roho.

Ila sura ya 38 wengi wetu huiruka, maana imejaa tarakimu. Humo tunakutana na Ithamari, mwana wa kuhani Haruni, akisimamia hesabu ya vitu vyote kwa agizo la Musa. Dhahabu ilikuwa talanta 29 na shekeli 730. Fedha iliyotokana na watu waliohesabiwa ilikuwa talanta 100 na shekeli 1,775. Shaba ilikuwa talanta 70 na shekeli 2,400. Imeandikwa pia kila kimoja kilitumika kutengeneza nini, hata kulabu za nguzo. Na kabla ya hapo, katika sura ya 36, mafundi wenyewe wanamwendea Musa kumwambia kwamba watu wameleta kupita mahitaji, naye anatangaza kambini wasilete tena.

Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Mwandishi mtakatifu hakuona aibu kuweka jina la msanii na jina la mtunza hesabu bega kwa bega. Hema ileile iliyohitaji uzuri ilihitaji pia ukweli kuhusu sadaka za watu. Uzuri uliojengwa kwa mali isiyojulikana ilikokwenda usingekuwa makao ya Mungu.

Albamu yetu

Hapa tunalazimika kujisema wenyewe. Miaka michache iliyopita kwaya yetu ilirekodi albamu. Nyimbo tatu kati ya nane zilitungwa na binti huyu akiwa kidato cha tatu. Tulichangishana, mama mjane mmoja akatukopesha kiasi kilichopungua kulipia studio, na siku ya uzinduzi watu walinunua kwa furaha. Tuliuza tena kwenye sikukuu mbili zilizofuata. Kisha mjane akaja kuulizia fedha zake, nasi tukatazamana. Kila mmoja alidhani mwenzake anazo. Mpaka leo hatuamini kwamba kuna aliyeiba. Tunajua tu kwamba hakuna aliyeandika. Mjane alilipwa nusu, akanyamaza. Waimbaji wawili waliacha kuja mazoezini. Na mtunzi wa zile nyimbo tatu hakuna hata aliyekumbuka kumwambia asante.

Jioni ile ya mchango, baada ya swali la mama wa mchele, binti alikaa kidogo, kisha akajibu kwa heshima: "Mama, sikuchagua biashara ili niuze nyimbo. Nimeichagua kwa sababu ya ile albamu."

Hapo ndipo tulipoelewa kwamba tulikuwa tumeuliza swali upande mmoja tu. Tuliogopa fedha isije ikaharibu sifa za Mungu. Hatukuona kwamba uzembe wetu juu ya fedha ulikuwa umekwisha kuziharibu. Kuimba bure ni sadaka iwapo mwimbaji ametoa kwa hiari yake. Asipoulizwa, na wengine wakapokea kwa niaba yake, hiyo si sadaka tena.

Mchoraji wa Tunduru

Mkoa wetu wa Ruvuma una kielelezo chake. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru. Alitoka kwao kutafuta kazi, akapita kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, akafika Dar es Salaam. Huko, mwishoni mwa miaka ya 1960, alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya mbao laini za kiwandani, akitumia rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Picha ziliuzwa kwa bei ndogo kwa wapita njia karibu na maduka ya Oyster Bay. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mtu mwingine, akafariki akiwa na umri wa miaka 40 hivi. Alikuwa amechora kwa miaka michache tu.

Leo mtindo wenye jina lake unajulikana duniani. Lakini jina kubwa si ulinzi. Mtindo unaopendwa huigwa na kila mtu, na faida huenda kwa mwenye duka zaidi kuliko kwa mwenye brashi. Ndugu na wanafunzi wake walilitambua hilo wakajiunga pamoja, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika. Chama hakikuwafundisha kuchora, kuchora walikujua. Kiliwapa mahali pa kufanyia kazi, pa kuuzia na pa kugawana mapato. Mwaka 1999 nchi yetu ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, lakini sheria humsaidia anayeijua na kuweka kumbukumbu zake. Kijana anayesoma muziki au uchoraji pamoja na mikataba na uhasibu anajifunza kuilinda kazi ya mikono, yake na ya jirani yake. Tunaliita hilo tendo la haki, na haki ni sehemu ya imani.

Deni la msomi

Kielelezo cha pili ni Mwalimu Julius Nyerere, ambaye Kanisa limemwita Mtumishi wa Mungu. Alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, akachukua shahada ya sanaa ambayo ndani yake mlikuwa na fasihi, historia, falsafa ya maadili na pia uchumi. Kiongozi huyo aliyesimamia bajeti ya taifa ndiye aliyefasiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili, mojawapo ikiwa Mabepari wa Venisi ya mwaka 1969, hadithi ya mkopo, mkataba na huruma. Hakuna aliyemwambia achague kati ya ushairi na hesabu.

Lakini Mwalimu huyo huyo anatuonya. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, likiwamo la kupokea sehemu tu ya mshahara. Aliwarudisha mamia yao makwao, na akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tunaweza kujadili ukali wa hatua ile, kwani wapo wazazi walioumia. Hoja iliyobaki ni kwamba elimu ya juu ni talanta iliyowekwa mikononi mwa mtu kwa gharama ya watu wengine. Katika mfano wa talanta, bwana anaporudi hafanyi mtihani wa darasani. Anafanya hesabu.

Jibu kwa mama

Sasa tumjibu mama yetu wa sokoni, maana swali lake halikuwa la kijinga. Katika Matendo ya Mitume yupo Simoni mchawi, aliyetaka kununua karama ya Roho kwa fedha, na Petro akamkemea vikali. Katika kitabu hicho hicho yupo Paulo, aliyeshona mahema pamoja na Akila na Priskila huko Korintho ili asiwalemee watu. Wote wawili waligusa fedha. Simoni alitaka kuitia bei neema. Paulo aliuza kazi ya mikono yake, neema akaitoa bure.

Hatari aliyoiona mama ipo kweli. Tumewaona waimbaji wa nyimbo za Injili ambao hawapandi jukwaani mpaka bahasha ihesabiwe. Tumesikia nyimbo ambazo maneno yake yalichaguliwa kwa kuwa yanauza. Mtu anayejua soko anaweza, siku baada ya siku, kuacha kuuliza lililo kweli na kuuliza linalopendwa. Shahada haimkingi na jaribu hilo. Pengine humpa mbinu za kulifuata haraka zaidi. Kinachomkinga ni kuwa na watu anaowajibika kwao, ambao wanaweza kumwambia "fungua daftari" bila yeye kukasirika. Ndiyo maana jumuiya haipaswi kumwacha msomi wake aende peke yake, wala msomi asiione jumuiya kama kituo cha basi alichokwisha kupita.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi wamtazame mtoto kabla ya kulitazama jina la shahada. Mwulizeni anataka kumtumikia nani na atakula nini, maswali yote mawili, wala msilifiche moja nyuma ya lingine. Vijana, msiwadharau wazazi wanaoogopa; waelezeni kwa subira, kwa maneno ya nyumbani. Nasi viongozi wa kwaya na jumuiya tuanze kuandika. Kila anayetoa fedha, sauti au wimbo aonekane katika kumbukumbu zetu, ashukuriwe, na asitumike bila kuulizwa.

Wiki iliyofuata tulikutana tena. Tulianza kwa kumwomba radhi yule mjane mbele ya wote, na tukapanga kumalizia deni lake kabla ya kumchangia binti. Kisha daftari likazunguka. Babu aliahidi gunia la mahindi, akisema labda siku moja lizombe nayo itaandikiwa hesabu. Lilipomfikia mama wa mchele, alilishika muda mrefu, akaandika jina lake na kiasi chake, akamtazama binti.

"Nimeandika," alisema. "Na ukirudi, mwanangu, mimi nitataka hesabu."

"Nitaileta, mama," binti akajibu.