Je, ni haki jeshi kuvuka mpaka ili kuokoa watu?



Tangu Goma ilipotekwa Januari 2025, tukitoka ibadani tunaulizana: mbona mataifa hayatumi jeshi kuokoa ndugu zetu? Wengine hujibu: majeshi ya kigeni ndiyo yaliyotukimbiza. Pande zote mbili zina machozi yao, basi tulitazame jambo hili kwa utulivu.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 unakataza nchi kushambulia nyingine, isipokuwa kwa kujilinda au kwa idhini ya Baraza la Usalama. Mbarara ni shahidi wa ugumu wake. Oktoba 1978 Idi Amin aliivamia Kagera. Tanzania ilimfukuza, kisha ikaendelea mpaka Kampala, Aprili 1979. Sudan na Nigeria zilimlaumu Mwalimu Nyerere kwenye mkutano wa Monrovia mwaka uleule. Wananchi wengi wa Uganda walishangilia. Lakini Masaka na Mbarara zilibomolewa vibaya, na miaka iliyofuata damu ilimwagika tena.

Lakini kukaa kimya nako kuna damu. Aprili 1994, watu wakichinjwa Rwanda, Baraza la Usalama liliamua kupunguza askari wake hadi 270 hivi. Mwaka 2000 Umoja wa Afrika ukaandika katika sheria yake ya kuuanzisha kwamba una haki ya kuingilia kati penye mauaji ya kimbari. Desemba 2015 ulitaka kupeleka askari 5,000 Burundi. Serikali ikakataa, na wakuu wa nchi wakaacha.

Ndugu wa Ituri wanakumbuka Bunia, 2003. Askari walioongozwa na Ufaransa walifika Juni, kwa idhini, mji ukatulia. Septemba wakaondoka, na vijijini watu walikuwa bado wanauawa. Uganda nayo ilisema iliingia Kongo kwa usalama wake. Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba ilivunja sheria. Tunaandika haya bila kusahau kwamba nchi hiihii ndiyo iliyotupokea.

Tunasema nini basi? Msamaria Mwema hakuuliza kabila la majeruhi. Alitoa fedha yake, hakuchukua ya mwingine. Alimfikisha mahali salama, akaahidi kurudi kulipa kilichobaki. Mpaka si mkubwa kuliko mtu. Ila sheria ya mpaka humkinga mnyonge dhidi ya mwenye nguvu ajaye na maneno matamu, ndiyo maana idhini ya wengi ni bora. Idhini ikikosekana na watu wanachinjwa, tunathubutu kusema: anayevuka kuzuia mauaji asihukumiwe kwa kuvuka tu. Ahukumiwe kwa alichofanya baada ya kuvuka: alichukua nini, alimdhulumu nani, aliondoka lini.

Tusimshangilie askari kwa sababu tu amempiga adui yetu. Lijadilini hili katika vikundi vyenu vya maombi, Mkongo, Mrundi na Mnyarwanda mkiketi pamoja. Bwana awabariki.