Jina Katika Daftari ni Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu wanafunzi,

Ninawaandikia kutoka Muhokya. Wengi wenu mnasomea uhasibu, utawala, uuguzi na ualimu. Kesho mtakabidhiwa orodha ya majina ya watu, na mbele ya kila jina kuna haki: mshahara, dawa, chakula au karo. Nataka tukumbushane uzito wa orodha hiyo kabla hamjaishika.

Katika Kiswahili tunamwita diwani mtu tunayemchagua aketi katika baraza, na kitabu cha mashairi pia tunakiita diwani. Asili yake ni neno lililotumika kwa daftari la serikali. Wanahistoria wengine husema daftari hilo lilianzishwa mwaka wa 15 Hijria, wengine mwaka wa 20, lakini wote wanamtaja Khalifa Umar bin al-Khattab (r.a.). Abu Hurayra alirudi kutoka Bahrain na dirhamu 500,000. Umar hakuamini masikio yake. Alimwambia akalale kwanza, arudi asubuhi, kwani huenda usingizi ulikuwa umemchukua. Asubuhi hesabu ikawa ile ile.

Mali nyingi hivyo ingegawanywaje? Jeshi lilikuwa limetawanyika Sham, Iraq na kwingineko. Nani amepokea, na nani bado? Umar akawashauri masahaba, na wakamweleza kuwa wafalme wa nchi nyingine walikuwa na madaftari ya askari wao. Hakuona aibu kuchukua jambo jema kutoka kwa wengine. Akawaita Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubayr bin Mut'im, watu waliozijua nasaba za Waarabu, wakaandika majina kabila kwa kabila. Hiyo ndiyo Diwan al-Jund, ofisi ya daftari la jeshi na posho zake.

Tazameni mambo matatu katika ofisi hiyo.

La kwanza, aliyekuwa na mamlaka hakujiweka mbele. Waandishi walipopanga orodha, waliwaweka jamaa wa Umar karibu na juu kwa sababu yeye ndiye Khalifa. Umar alikataa. Aliagiza waanze na jamaa wa Mtume (s.a.w.), wafuate ukaribu wao kwake, mpaka jina la Umar lifike mahali pake. Na alipogawa, alimpa Usama bin Zayd zaidi ya mwanawe mwenyewe, Abdullah. Mwana alipouliza, baba alimjibu kuwa Usama na baba yake walipendwa zaidi na Mtume.

La pili, daftari lilimfuata mwenye haki. Imepokewa kwamba Umar alilibeba mwenyewe daftari la kabila la Khuza'a mpaka Qudayd, akawakabidhi wanawake haki zao mkononi, mmoja baada ya mwingine.

La tatu, daftari lilisahihishwa. Mwanzo, mtoto alianza kuandikiwa posho baada ya kuachishwa ziwa. Usiku mmoja Umar alisikia mtoto akilia, na mama yake akaeleza kuwa anamwachisha mapema ili apate posho. Umar alihuzunika sana. Akatangaza kuwa kila mtoto wa Kiislamu ataandikwa tangu kuzaliwa. Utaratibu uliomuumiza mtu ulibadilishwa, bila kusubiri mtoto akue kwanza.

Ndugu zangu, daftari huweza kusema uongo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuandika jina la asiyekuwepo. Hapa Uganda tunayajua maneno "wanajeshi hewa". Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jambo hili lilichunguzwa na wakubwa wakafikishwa mahakamani. Watu wakifikiria wanajeshi hewa, hufikiria fedha tu. Sisi wa Kasese na Bwera tufikirie zaidi. Novemba 1996 waasi walivuka mpaka wakashambulia Mpondwe. Siku kama hiyo, kamanda akisoma kwenye karatasi kuwa ana watu mia sita, na mia mbili kati yao ni wino mtupu, ni nani atakayesimama kati ya risasi na mama aliyelala na wanawe? Mshahara wa mtu hewa huliwa na mmoja, lakini pengo lake hulipwa kwa roho za wengine.

Njia ya pili ni kumwacha aliyepo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walipopigana na Wajerumani katika Tanganyika, mizigo ya jeshi ilibebwa na wapagazi kutoka nchi zote hizi, Uganda ikiwemo. Mtaa wa Kariakoo wa Dar es Salaam umeitwa kwa jina la kikosi chao. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Ofisi ya wapagazi ilikuwepo, na namba walipewa. Hata hivyo majina ya wengi na vijiji vyao havikuandikwa sawasawa, na ujira wao ukabaki bila mtu wa kuudai. Baadaye serikali ya London ilikataa kuzitoa fedha hizo. Mjane alimngoja mume, akangoja na ujira wake, vyote viwili visirudi.

Usiseme hayo ni ya zamani. Mei 2020 mto Nyamwamba ulipofurika, watu waliopoteza makazi waliletwa kambini hapa Muhokya. Mtu wa kambini, hema lake, blanketi lake na unga wake vyote hupita katika orodha. Jina likirukwa, mtoto analala njaa. Jina likiandikwa mara mbili, mahali fulani kuna aliyekosa.

Dini yetu haikuliacha jambo hili kwa serikali peke yake. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni, na inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu wala asikatae kuandika. Na Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtumishi wa Mtume aliyeuawa kwa mshale wakitoka Khaybar. Watu wakampongeza kwa kufa shahidi. Mtume (s.a.w.) akawakatalia, akawajulisha kuwa shuka aliyoichukua katika ngawira kabla ya mgawo inamwakia moto. Hapo mtu mmoja akakimbilia kurudisha kamba ya kiatu. Kamba ya kiatu, ndugu zangu! Kifo vitani hakikuifuta shuka moja. Je, swala zetu za sunna zitafuta majina kumi ya uongo?

Basi tuanze hapa chuoni. Wewe mweka hazina wa jumuiya, fedha za futari ziandike siku ile ile zilipoingia, na mwenzako mmoja azihesabu pamoja nawe. Wewe unayegawa fitra, nenda kwa mwenye haki. Usingoje asiye na nauli aje kwako. Wewe unayewasainia wenzako mahudhurio darasani, jua kuwa huko ndiko wanajeshi hewa wanakozaliwa. Na ukiajiriwa, mkubwa wako akikwambia uongeze jina, kumbuka kuwa mkono utakaoandika ni wako.

Kila mmoja wetu anaye malaika anayeandika. Daftari lake halina jina hewa, wala halimruki mtu. Siku litakapofunguliwa, tutatamani ya kwetu yawe yamefanana nalo.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe waandishi waadilifu na walinzi wa amana. Warehemu waliokufa na haki zao mikononi mwa watu, na utulinde tusiwe sisi tuliozishika. Amin.

Wabillahi tawfiq.