Baraza Lilikuwa Limekwisha

Wanangu, barua yenu ya kumwita mkuu wa wilaya aje awaamulie, ninyi na baba yenu mdogo, nani akalie kiti cha ukoo nimeisoma. Nimechoka, lakini kaeni.

Kule Serowe, kwa Wabangwato, katika nchi ambayo leo ni Botswana, Chifu Sekgoma wa Pili alifariki mwaka 1925 na kumwacha Seretse, mtoto wa miaka minne. Baba yake mdogo, Tshekedi, akamshikia kiti, akamlea, akamsomesha hadi Uingereza. Mwaka 1948 kijana akamwoa Ruth Williams, binti wa Kizungu, bila kungoja ruhusa ya mtu. Tshekedi akawaka. Simlaumu, mlezi naye ana moyo.

Baraza lao, wenyewe wanaliita kgotla, lilikaa mara tatu. Juni 1949 Seretse akawataka wanaomkataa mkewe wasimame. Wakainuka kama arobaini hivi. Akawataka wanaomkubali. Hapo maelfu ya wanaume waliokuwa wameketi wakainuka kwa pamoja kwa kishindo.

Shauri limekwisha, au siyo? Lakini Tshekedi akaiomba serikali ya Mwingereza, iliyowatawala, iunde tume. Yeye huyo huyo, ambaye mwaka 1933 Mwingereza alimletea askari wa majini na mizinga akamsimamisha uchifu, kisa baraza lake lilimwadhibu kijana wa Kizungu! Hasira, wanangu, husahaulisha.

Tume ilikaa. Ikaona Seretse anafaa uchifu, ila ndoa yake itawaudhi majirani, Afrika Kusini na Rhodesia. Basi ripoti ikafungiwa. London ilihitaji dhahabu na urani ya Afrika Kusini, na watawala wa kule hawakutaka kuona chifu mweusi na mke mweupe mpakani mwao. Ugomvi wa Serowe ulikuwa wa mtu na baba yake mdogo. Uliamuliwa kwa hesabu za watu wengine kabisa.

Machi 1950 Seretse, aliyeitwa London kwa mazungumzo, akaambiwa asirudi kwao kwa miaka mitano. Na Tshekedi aliyeomba tume? Naye akapigwa marufuku kukanyaga ardhi ya Wabangwato. Mwaka 1952 serikali ikatangaza Seretse hatakuwa chifu kamwe. Watu wakagoma kuchagua mwingine, mawe yakarushwa pale kwenye kgotla, askari polisi watatu wakafa.

Mnajua ilivyokwisha? Mtu na baba yake mdogo walipatana wenyewe. Mwaka 1956 wote wawili walitia sahihi kukiacha kiti, na Seretse akarudi nyumbani raia wa kawaida. Najua, mtaniambia Seretse alikuwa rais mwaka 1966. Kweli. Ila kiti cha baba yake hakukikalia tena.

Barua yenu iko chini ya mto wangu, sijaitia sahihi. Mwiteni baba yenu mdogo. Mwambieni aje leo jioni, na aje bila wakili.