Mkeka wa Mtume na baridi ya Barafu
Kambi ya Barafu, Kilimanjaro, mita 4,673: ardhi hunyonya joto la mwili usiku kucha. Mgeni akiniuliza, humwambia alete godoro la kujaza upepo lenye kipimo cha R (cha kuzuia joto lisipotee) kisichopungua 4, chini yake atandike la sponji ili mawe yasilitoboe. Lakini hukumbuka kwamba Mtume Muhammad alilalia mkeka ukamwachia alama ubavuni, sahaba wake Sayyidna Umar akalia. Je, starehe ni dhambi? Sidhani, mwili ni amana. Kinachoninyima usingizi ni mpagazi anayebeba hadi kilo 20, godoro la mgeni likiwemo. Januari moja nilimkuta mmoja amejikunja juu ya gunia tupu, viganja kati ya mapaja, meno yanagongana. Nikamsogezea nusu ya sponji yangu.