Nauli ya Mzee ni Deni la Nani?

Kila atokaye shamba kuja mjini amepata kuyaona haya: mzee amepanda gari, utingo asitake nauli yake, na abiria wakamsifu kijana yule kwa adabu yake njema. Nasi twamsifu. Walakini yatupasa kuuliza jambo ambalo watu hulipita upesi: wema ule umetoka mfukoni mwa nani?

Utingo na dereva wana hesabu ya kumpelekea tajiri wa gari kila jioni, na hesabu hiyo haipungui kwa sababu mzee alibebwa bure. Basi aliyelipa ni kijana maskini. Sisi tuliokaa tukimsifu hatukutoa kitu. Na siku atakapobanwa, atampita mzee njiani asisimame, nasi tutasema hana adabu. Je, ni haki mtu mmoja kubebeshwa deni la watu wote?

Maana ni deni. Wazee hawa ndio waliopanda minazi na kuchuma karafuu zilizojaza hazina ya visiwa hivi. Na asiyeona, au asiyeweza kutembea, ambaye pengine hakupata kuchuma hata kikonyo kimoja, twamwia nini? Twamwia yale yale, kwa kuwa nchi si soko la kupimiana kazi.

Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilitangaza matibabu bure. Lilikuwa neno kubwa. Lakini mgonjwa wa Makunduchi aliyeandikiwa kwenda Mnazi Mmoja hafiki kwa tangazo. Mbele yake pana mwendo wa zaidi ya kilomita 50. Akikosa nauli, dawa ya bure imemshinda kama ya kununua.

Wako watakaotujibu kwamba ipo Pensheni Jamii. Ni kweli, na ni jambo la kujivunia: tangu Aprili 2016 mkaazi aliyetimiza miaka 70 hupewa pasipo kuulizwa kama ana mali au hana, kwanza shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye 50,000. Lakini fedha hiyo ni ya unga na kitoweo. Penye haja mbili, safari ndiyo huahirishwa, hata maradhi yakakomaa. Tena haimfikii mwenye miaka 65, wala kijana mwenye ulemavu.

Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba zahanati na skuli nazo zangoja fedha hiyo hiyo. Hatuidharau. London wazee na wenye ulemavu wana cheti cha kusafiri bure tangu 1973, na halmashauri za mji ndizo zilipazo. Ila mji ule ni tajiri. Hapa tungeanza na safari za hospitali tu, serikali imlipe mwenye gari kwa kila mzee aliyepanda, ili utingo amkimbilie mzee badala ya kumkimbia.

Wala nauli si yote. Zile gari za mbao zilizozoeleka njia za shamba huingiwa kwa nyuma, kwa kuinama na kukwea. Mwenye magongo hupandishwa kama gunia. Naye akaaye ndani ya Mji Mkongwe, ambamo vichochoro vingi havipitiki kwa gari, sharti ajikokote kwanza mpaka barabarani. Atakayepanga fedha ya nauli, na apange pia ya ngazi ya kupandia, katika hesabu ile ile.