Mwanga, Karatasi na Amana

Mtu akifunga madirisha ya chumba chake akaacha mwanya mmoja, akapanga kikombe, kioo na karatasi mpaka kivuli chao kikafanana na mlima, kisha akakipiga picha, je, amesema uongo?

Mwaka 1917, katika kijiji cha Cottingley, Uingereza, Elsie Wright na binamu yake mdogo Frances Griffiths, wa miaka 9, waliazima kamera ya babake Elsie wakaenda kijitoni nyuma ya nyumba. Walisimamisha kwa pini za kofia michoro ya viumbe wadogo wenye mbawa waliyoikata katika karatasi, wakapiga picha. Nyumbani wakasema viumbe hao ni wa kweli. Baba, mjuzi wa kamera, hakusadiki. Lakini mwaka 1920 mwandishi mashuhuri Arthur Conan Doyle alisadiki, akazitangaza picha zao kuwa ni ushahidi. Siri ya karatasi waliikiri hadharani mwaka 1983, wamekwisha kuwa vikongwe. Mchezo ulikuwa mzigo wa miaka 66.

Kamera haikudanganya: karatasi zilikuwapo, nayo ikaziona. Uongo uliingia kwa ulimi. Mshairi humwita mpenziwe lulu, wala hapana amwitaye mwongo, kwani msikilizaji anaijua lugha ya ushairi. Mtazamaji wa picha huja na imani zaidi, na imani hiyo ni amana. Basi tucheze na mwanga na vivuli tupendavyo. Ila tukiulizwa, tuseme: ni karatasi.